Moshi Niliouzika Mbotela

Nafula wangu,

Usicheke mwandiko. Hii mikono imeshika moto wa kuchomelea chuma miaka yote, na kalamu ndio kitu nyembamba zaidi imewahi kupewa. Shule mimi niliiacha darasa la tatu, na mpaka leo walimu bado wananitafuta wajue nilijuaje kila kitu.

Saa hii ni saa tisa mchana. Umeenda Lucky Summer kuaga shangazi yako, na huyo dada yangu namjua: haachilii mtu mpaka ale mara mbili na aombewe mara tatu. Kwa hivyo niko na wakati. Sanduku lako liko hapa mlangoni limefungwa. Nimelisukuma kidogo na mguu nisikie uzito, nikasikia vibaya, nikaliacha.

Mambo ya sweta, ya dawa, ya kuwa macho na watu wa huko, shangazi atakuwa ameyamaliza. Mimi yangu ni moja. Nimeizunguka tangu juzi kama kuku anayetafuta pahali pa kutagia.

Juzi tukikula ulianza kunieleza hiyo kazi yako mpya. Hiyo stesheni ya Bonde la Ufa, wanatoboa ardhi, mvuke unatoka, unazungusha mitambo ya umeme, stima inakuja mpaka hapa Mbotela. Na kazi yako ni hewa: kupima, kusikiliza watu wanaokaa karibu, na kuandika. Ukasema ile wiki walikupeleka kuona mahali, shosho mmoja, bibi mzee, alikushika mkono, akakwambia harufu kama ya yai bovu inaingia kwake kila jioni, kichwa kinamuuma, na mbuzi zake zinakohoa. Na mkubwa mmoja hapo akakwambia nchi haiwezi kukaa giza kwa sababu ya pua ya shosho mmoja.

"Sasa baba, we ungeandika nini?" ukaniuliza.

Na mimi, kwa sababu mdomo wangu hukimbia mbele yangu, nikasema, "Ningeandika mbuzi zinunuliwe marashi."

Nilicheka peke yangu. Wewe ulichukua sahani, yako na yangu ambayo sikuwa nimemaliza, ukaenda kuosha. Nikaona mgongo wako tu.

Nafula, kuna mtu aliwahi kuniletea neno kama hilo, miaka mingi iliyopita, na nilimjibu hivyo hivyo. Nilimjibu kwa mzaha. Hiyo ndio habari ya hii barua.

Wacha nianze pale ninapopenda, pale mimi ni shujaa. Babako alikuwa mtu! Usiulize hawa wa siku hizi, uliza wale wazee wa vyuma wa Shauri Moyo: nani alipigwa na stima mara tatu na ikawa stima ndio ilipelekwa hospitali? Mimi. Geti za nusu ya Eastlands ni mkono yangu. Hiyo nusu ingine ndio ile inaibiwanga.

Sasa ukiwa mdogo, stima hapa kwetu ilikuwa mgeni. Transfoma ya hapo kona ililipuka, tukakaa giza wiki nzima, ikatengenezwa, ikalipuka tena. Watu walirudi kwa koroboi, mtoto anasoma pua ikiwa nyeusi kama chungu. Kinyozi alifunga kibanda akiwa amenyoa mtu nusu. Baba Njeri, jirani wetu wa mlango wa pili, yule fundi wa nguo, alikuwa anashona sare za shule bibi yake akimshikia tochi, na suruali zinatoka mguu mmoja mrefu.

Nikasema hapana, hii haiwezekani na mimi niko. Nikapata injini ya dizeli iliyokuwa inasaga unga kwa posho mill, mwenyewe alikuwa ameitupa nje inanyeshewa. Niliipigania mwezi mzima. Nikaifunga na dainamo, nikavuta waya mpaka kila mlango wa laini yetu, milango kumi, kila mmoja balbu moja na redio. Siku niliiwasha, watu walipiga makofi kama wako kanisani. Baba Njeri alivua kofia. Mama yako alisimama mlangoni ameweka mkono kwa shavu, ananiangalia vile hakuwa ameniangalia tangu harusi, na hata siku ya harusi alikuwa anaangalia sana keki.

Hiyo balbu unaijua. Ulikuwa unalalia vitabu chini yake mpaka nakubeba.

Lakini jenereta ilikuja na shida mbili, mwizi na moshi. Mwizi nilimmaliza haraka. Niliiweka nyuma ya nyumba chini ya dirisha, nikaifunga mnyororo, mnyororo ukapita dirishani ukafungwa kwa mguu wa kitanda chetu. Mwenye kuiiba angelazimika kuniiba na mimi, na mama yako, na godoro. Moshi nao ulikuwa mweusi, nguo za watu zinatoka kwa kamba na madoa, wakaanza kunung'unika. Hapo ndio nilijifanya profesa. Kulikuwa na ule mtaro wa zamani unapita kati ya nyumba, umefunikwa na slabu za simiti, siku hizo ulikuwa mkavu. Nikachomelea paipu, nikaiingiza mdomo ndani ya mtaro, nikaziba kando na simiti. Jioni nikawasha. Hakuna moshi! Watu wakaja kuangalia, wanainama, wananusa.

"Fundi, umeenda wapi?"

"Nimeuzika," nikawaambia. "Matanga ni kesho."

Hiyo hadithi niliizungusha Eastlands yote. Mtu wa kwanza Kenya kuzika moshi! Hata wewe nimekusimulia mara mia. Lakini kila mara nilikuwa naishia hapo kwa matanga, watu wakicheka. Leo siishii hapo.

Mtaro uko na mwanzo na uko na mwisho. Mwisho wa huo ulikuwa pale kwa mfereji, bomba letu la maji, mahali pa kufulia, slabu moja ilikuwa imevunjika kona. Na unajua nani alikuwa anakaa pale. Mama yako alikuwa anafulia wafanyabiashara wa Gikomba mitumba, zile nguo safi safi zinazochaguliwa zioshwe kabla zitundikwe. Mchana mfereji ulikuwa na foleni, kwa hivyo kazi yake ilikuwa jioni, maji yakiwa mengi na balbu yangu ikimmulika. Ikafika ile baridi ya mwezi wa saba. Siku moja akaniita.

"Baba Nafula, kuja uguse hapa."

Nikaweka mkono juu ya ile kona. Kulikuwa na joto. Hewa vuguvugu inapanda polepole, moshi wenyewe huuoni, weusi wote ulikuwa umebaki kwa kuta za mtaro huko ndani.

"Hapa ni pazuri," akasema. "Miguu haigandi."

Akasogeza stuli yake hapo. Na mimi nikafurahi! Nikajiambia, tazama huyu mwanaume, ameleta mwanga, sasa ameleta na joto.

Baba Njeri ndiye aliona. Mtu wa kuingiza uzi kwa sindano ana macho. Jioni moja watu wakiwa wengi wanachota maji, akaja akasimama mbele yangu, jerikani mkononi.

"Fundi, huu moshi wako hukuuzika. Unatokea hapa. Mimi nikisimama hapa kidogo kichwa kinanigonga. Na Mama Nafula amekaa juu yake."

Watu wakageuka. Wote wakaniangalia. Mama yako aliacha kufua.

Hapo ndipo ningesema, "Hebu nione." Maneno mawili, na nilikuwa nayo mdomoni. Lakini watu walikuwa wamejaa, na mtu aliyezika moshi hawezi kuambiwa na fundi wa suruali ati moshi umefufuka.

Nikasema, "Baba Njeri, kama unaona wivu ju mke wangu amewekewa hita na bwanake, sema tu. Ama mguu wako ndio ule mfupi wa suruali, baridi inauingia?"

Watu walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Mama yako pia alicheka, akajifunika uso na mkono wa sabuni. Baba Njeri alijaza jerikani lake, pole pole, akaenda kwake. Hakurudia tena. Nani angerudia?

Baridi ikiisha, mama yako akaanza kukohoa. Tukasema ni homa. Akapewa dawa, ikatulia, akarudi kwa stuli, ikaanza tena. Kifua chake hakikuwa na nguvu tangu utotoni, alikuwa ameniambia tukiwa wachumba, na nikamwambia mimi nina kifua cha watu wawili, nitampa kimoja. Tuliendelea hivyo miaka miwili. Unakumbuka vile alikuwa anatoka nje kukohoa ndio usiamke, ju ulikuwa unajitayarishia mtihani? Alikuwa anatoka nje akienda kukaa wapi? Pale pale kwa stuli.

Hospitalini walimuwekea ile mashine ya hewa. Wewe hukuwa unaruhusiwa kuingia, kwa hivyo sijui kama unajua. Ilikuwa inatumia stima. Ilikuwa na taa ndogo ya kijani, na mimi nilikuwa nakaa hapo naiangalia hiyo taa, namwomba Mungu stima isipotee. Kwa hivyo usifikirie hii barua inakuja kukwambia stima ni mbaya. Mimi nimeipigia stima magoti.

Siku moja mchana, saa ya kuona wagonjwa, akanishika kidole. Hakuwa na nguvu ya mkono wote.

"Ile paipu yako," akasema. "Itoe."

"Ukitoka nitaitoa."

"Itoe kabla Nafula aanze kufulia pale."

Nikainama karibu naye. "Rosa, umejua tangu lini?"

"Tangu ile siku ya Baba Njeri. Kichwa kilikuwa kinaniuma hata kabla ya hapo."

"Na mbona hukuniambia?"

Pumzi ilikuwa kidogo. "Ungeona haya," akasema. "Watu walikuwa wanakupenda sana na huo moshi wako."

Nafula, mimi nimechekesha watu Nairobi hii mpaka wamelia. Na kila mtu nimemcheka, mnene, mwembamba, pasta, chifu. Yeye hakutaka hata mtu mmoja anicheke mimi.

Alituacha hiyo wiki. Tukampeleka Bungoma, wewe ukiwa mbele umeshika picha yake, umevaa sare yako ya shule. Hiyo nguo yake ya bluu aliyolala nayo, Baba Njeri ndiye aliishona. Hakulala akiishona. Aliileta imekunjwa, akanipa mkono. Nilingoja aseme "nilikwambia." Ningemshukuru. Hakusema, na alirudi kwao Murang'a kabla sijapata mdomo wa kumwambia pole, mimi mwenye mdomo huu wote.

Tuliporudi kutoka mazishi, ukiwa kwa shangazi, nilitoa hiyo paipu. Nikakata pale kwa mtaro, nikaiinua ikapita ukuta, ikapita mabati, ikatoa kichwa juu ya paa. Nilitumia vipande vitatu vya chuma. Unajua vilitoka wapi? Chini ya kitanda chetu. Vilikuwa hapo siku zote, tulikuwa tunalala juu yake mimi na yeye. Kazi yenyewe haikufika jioni. Jenereta ikaendelea, balbu kumi zikawaka, wewe ukasoma. Moshi ukaenda juu. Najua utaniambia hata juu kuna watu, ndio ulisomea. Sawa. Lakini angalau haukuwa unaenda kwa mtu mmoja aliyekaa na karai.

Miaka yote nimejitetea na kitu kimoja, na nataka ukijue kwa sababu hapo kazini utakisikia kila siku. Nilikuwa najiambia: sasa ningefanya nini, nizime? Nafula angesoma na nini? Watu wangerudi kwa koroboi? Ilikuwa ni stima ama Rosa. Nikilala nayo hivyo, inanituliza kidogo. Lakini ni uongo. Hakuna mtu aliniambia nizime. Baba Njeri hakusema zima. Alisema moshi unatokea hapa. Mimi ndiye nilimfanya kama adui wa mwanga, ndio nisiangalie paipu.

Na wewe usijibebeshe. Najua kichwa chako, saa hii kimeanza kuhesabu zile jioni ulizokuwa unasoma. Wacha. Kitabu chako hakikumfanya kitu. Ungesoma vile vile na paipu ikiwa juu ya paa.

Sasa imebaki ile imenikaa kwa koo. Ukiwa kidato cha kwanza uliniuliza mama aliuawa na nini, na nikakwambia ni vumbi ya mitumba. Niliisimulia vizuri, unajua nikitaka naweza. Nikaweka marobota, nikaweka nyuzi ndogo ndogo zinaelea kwa jua, nikaweka kifua chake. Ulilia, nikalia. Halafu wewe ukaibeba. Ukaenda ukasomea hewa kwa sababu ya hiyo vumbi. Mwaka huu ukitoka kwa intaviu uliniambia, "Baba, nilipowaeleza habari ya mama na vumbi, mmoja wao alifuta macho." Na mimi nikasema, "Safi sana." Nilisema safi sana, Nafula. Halafu nikaenda nje nikashika ukuta.

Daktari hakuandika jenereta. Aliandika mapafu. Vumbi ilikuwako, jiko la makaa lilikuwako, kifua kilikuwa vile kilivyokuwa. Ningeweza kujificha nyuma ya hayo mpaka mnizike, na hakuna mtu angenitoa. Lakini unaenda kukaa kwa ofisi mahali mtu atakuja kukwambia moshi unatokea kwake. Siwezi kukuacha uende huko ukiwa umesimama juu ya hadithi yangu.

Uliniuliza ningeandika nini. Sijui kuandika vitu za ofisi, na sijui hiyo harufu ni sumu ama ni harufu tu, hiyo ni kazi ya mashine zako. Lakini kabla ya kuandika ningeenda kwa huyo shosho saa ile anasema, hiyo jioni, nikae pale anapokaa. Sio kupita. Kukaa, mpaka chai ipoe. Mimi ile stuli ya mama yako sikuwahi kuikalia. Ilikuwa hatua ishirini kutoka kwa mlango wangu, miaka miwili, na sikuikalia hata dakika moja. Niligusa na mkono, nikasikia joto, nikajipongeza.

Na huyo mkubwa wako, usimwone kama shetani. Namjua, ni mimi. Amewasha nchi, watu wamempigia makofi, na anaogopa mtu mwenye jerikani. Pengine vipande vyake vya paipu viko chini ya kitanda na hajainama. Mwinamishe pole pole. Ukimwaibisha mbele ya watu atapata neno la kuchekesha, na watu watacheka, na shosho pia atacheka. Hapo ndio mambo huharibika.

Nilikuwa nimefikiria kukupea hii barua kesho, gari ikiwa imewashwa, uisome ukiwa mbali. Nimeona huo ni mchezo wangu wa zamani. Nitakupea leo, kwa mkono, ukiingia. Soma mbele yangu ama ufunge mlango, vile unataka. Kesho kama utaondoka bila kuniaga, sitatuma mtu akuulize. Na kama kuna kitu ungetaka kujua juu ya mama yako na hizo siku, uliza, hata iwe ni kitu ya kuniumiza, hata urudie mara hamsini. Nitakujibu vile ilikuwa. Nitakuwa nimekaa hapa kwa ngazi, na sitachekesha.

Babako